Maisha Mawili ya Union City

Mwaka 1994, mwenye kompyuta ya Amiga aliyenunua mchezo wa Beneath a Steel Sky alifungua boksi akakuta diski 15. Kama mashine yake haikuwa na diski kuu ndani, kazi ilikuwa kuchomoa na kuchomeka, kila sehemu ya mji ikidai diski yake. Humo ndani mlikuwa pia na kijitabu cha katuni, kazi ya Dave Gibbons, mchoraji wa Watchmen, kilichosimulia utoto wa kijana mmoja wa nyikani na jinsi alivyotekwa na askari wa Union City, mji unaotawaliwa na kompyuta. Mwaka 2020 mji huohuo ulifunguliwa tena kwa jina la Beyond a Steel Sky. Mchoraji alikuwa yuleyule, na mkurugenzi yuleyule. Diski, hapakuwa na hata moja.

Husemwa kwamba mashabiki ndio walioufufua. Ni kweli nusu tu. Michezo mingi ya zamani ina mashabiki wanaoililia mpaka leo na haijarudi. Ukitaka kujua huu ulirudije, fuata pesa: tazama nani alisimama kati ya anayetunga mchezo na anayeucheza, na lini alitoka njiani.

Kaseti na kilobaiti 16: 1981–1989

Charles Cecil, Mwingereza ambaye utoto wake ulipitia Congo hadi familia yake ilipoondoka baada ya Mobutu kutwaa madaraka, alikuwa mwanafunzi wa uhandisi Manchester pale mwenzake Richard Turner alipomwomba amtungie michezo. Turner alikuwa na kampuni changa, Artic Computing, na soko lilikuwa limefunguka ghafla. Machi 1981 kompyuta ya Sinclair ZX81 ilianza kuuzwa kwa bei isiyozidi pauni 70. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1. Mwenye uwezo alichomeka kisanduku nyuma akapata 16, na ndani ya nafasi hiyo Cecil alibana hadithi nzima: Inca Curse, Ship of Doom, Espionage Island.

Hazikuwa na picha. Skrini ilikuambia uko wapi na unaona nini, nawe ukajibu kwa maneno mawili, kitendo na kitu, kisha ukangoja kuona kama mashine imekuelewa. Mtindo ulitoka Marekani, kwa Will Crowther na mchezo wake wa mapangoni wa mwaka 1976, ila Waingereza waliuuza kwa kaseti zilezile za muziki, zikipigwa kwenye redio-kaseti za kawaida zilizounganishwa na kompyuta. Mtu mmoja aliweza kutunga mchezo peke yake, na kampuni ya watu wachache ikaurudufu na kuusambaza. Baina ya Cecil na mchezaji hapakuwa na watu wengi. Hali hiyo hangeiona tena kwa karibu miaka 30.

Muongo ulipokaribia kwisha, picha zilikuwa zimetawala. Sierra ya Marekani ilikuwa imetoa King's Quest mwaka 1984, na kampuni ya michezo ya George Lucas ilikuwa imewaondolea wachezaji adha ya kuandika: ulielekeza kipanya, ukabofya. Cecil naye alikuwa amehamia ofisini, kwanza US Gold, kisha Activision, akisimamia kazi za wengine.

Hull na gazeti lililozama: 1990–1992

Kampuni ya Revolution Software ilianzishwa Hull, mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Uingereza ambao meli zake za uvuvi wa mbali zilikuwa zimepoteza riziki tangu Iceland ilipojitwalia maji yake miaka ya 1970. Waanzilishi walikuwa wanne: Cecil, Noirin Carmody, na waandishi wawili wa programu, Tony Warriner na David Sykes. Warriner alikuwa ameiandikia Artic akiwa kijana mdogo. Mtaji ulikuwa pauni 10,000 zilizokopwa kwa mama yake Cecil.

Wazo lao la kwanza lilikuwa la kiburi kidogo, na zuri. Katika michezo ya wakati ule wahusika wa pembeni walisimama kama mabango: muuza duka yuko dukani mchana na usiku, akikungoja wewe tu. Warriner na wenzake waliandika injini waliyoiita Virtual Theatre, ambamo kila mhusika ana shughuli zake. Anatembea, anakutana na wengine, anaongea, anaondoka. Ukimtaka, mtafute. Katika Lure of the Temptress, mchezo wao wa kwanza, mchezaji aliweza hata kumpa mwenzake msururu wa maagizo: nenda pale, fanya hiki, kisha rudi.

Ila kwanza ilibidi apatikane mchapishaji, maana diski, maboksi, matangazo na rafu za madukani vilikuwa mikononi mwa wachapishaji. Utaratibu ulikuwa huu: mchapishaji anatanguliza pesa za kutengenezea, anauza, anajirudishia zake kwanza, halafu mtunzi anapata asilimia kiduchu ya kilichobaki, kama kimebaki. Revolution walikubaliana na Mirrorsoft, tawi la michezo la himaya ya magazeti ya Robert Maxwell. Novemba 1991 Maxwell alikutwa amekufa baharini, himaya ikabainika kuwa imejaa mashimo ya fedha, na Mirrorsoft ikazama nayo. Kampuni changa ya Hull haikuwa na kosa lolote katika sakata hilo, lakini mkataba wake ulikwenda na maji. Kilichowaokoa ni mtu: Sean Brennan, aliyekuwa Mirrorsoft, alihamia Virgin, na Lure ikatoka huko mwaka 1992.

Brennan huyohuyo ndiye aliyependekeza wazungumze na Gibbons.

Penseli ya Gibbons: 1992–1994

Mchezo waliotunga naye ulikuwa wa saibapanki, tawi la fasihi lililokuwa na umri wa takriban miaka 10. Filamu ya Blade Runner ilitoka 1982, riwaya ya Neuromancer ya William Gibson 1984, na baada yake ilikuwa kama kanuni: mvua, taa za rangi, kampuni kubwa kuliko serikali, mtu mdogo mwenye waya kichwani. Jiografia nayo ilikuwa moja. Matajiri wako juu karibu na jua, maskini wako chini kwenye matope.

Union City iliigeuza. Mji uko Australia, na nje yake ni nyika iliyoharibiwa iitwayo Gap. Ghorofa za juu zina viwanda, moshi na wafanyakazi. Unavyoshuka ndivyo unavyokaribia utajiri, hadi unafika chini kabisa kwenye bustani, bwawa na kanisa kuu. Ukiwaza kidogo unaona mantiki yake: pale hewa inapokuwa sumu, mwenye pesa atajificha chini ya wenzake. Mpangilio huo ulimfaa sana mtunga mafumbo pia. Safari ya mhusika mkuu, Robert Foster, ni ya kutafuta njia ya kushuka, na kila lifti ni kufuli.

Foster alianguka nyikani na helikopta akiwa mtoto, akalelewa na wenyeji wa huko. Jina la ukoo alilipata kwenye kopo tupu la bia ya Foster's lililookotwa karibu naye, mzaha unaokuonyesha hali ya hewa ya mchezo mzima. Cecil aliona michezo ya Sierra inajichukulia kwa uzito kupita kiasi na ile ya Lucas imezidi vichekesho, akataka kukaa katikati. Kwa hiyo tuna mauaji ya kijiji kizima mwanzoni, na dakika chache baadaye tuna Joey. Joey ni roboti aliyeundwa na Foster, na nafsi yake yote iko kwenye kibao cha saketi unachoweza kukitia mfukoni. Foster anafika mjini na kibao tu, anapata gamba la mashine kwenye lundo la taka, anakichomeka humo. Gamba lenyewe linafanana na mashine ya kufyonzea vumbi, na Joey analalamika si haba. Katika mchezo mzima atahamishwa kutoka mwili hadi mwili, na ulimi wake unabaki uleule.

Gibbons alichora mandhari kwa penseli, Les Pace akazipaka rangi. Wapo waliokuwa wameshawaita wachoraji maarufu kwa ajili ya picha ya boksi tu. Hapa mchoraji aliingia ndani: nafasi ya mlango, umbali wa ngazi, mahali jicho linapotua, yote yalipitia mkononi mwake, na katika mchezo wa mafumbo mahali jicho linapotua ndiyo kazi yenyewe.

Nitaje fumbo moja, lile la mbwa. Chini kwenye bustani anaishi Bi Piermont, tajiri mwenye kijibwa kiitwacho Spunky. Kanisa kuu lina mlinzi ambaye hakuruhusu upite. Foster anakaribishwa nyumbani kwa mama huyo, na mama anapokuwa kwenye simu anaiba biskuti za mbwa. Anatoka, anaziweka kwenye ncha ya ubao ulio kando ya bwawa, anasimama penye kamba. Kisha anangoja. Hapo ndipo injini ya Hull inapojionyesha: mbwa ana ratiba yake, anazurura, ananusa huku na kule, na ukivuta kamba mapema umekosa. Akipanda ubaoni, vuta. Spunky anapaa, anatumbukia majini, mlinzi anaacha lango kwenda kutazama. Ni fumbo la kikatili na la kuchekesha kwa wakati mmoja, na halitatuliki kwa kubofya kila kitu ovyo. Lazima uwe umewaangalia wakazi wa mji.

Kinachotawala mji ni LINC, kompyuta iliyounganishwa na mwili wa binadamu. Mwishoni Foster anagundua kwamba mwili huo ni wa baba yake mzazi, na kwamba yeye aliletwa mjini ili ashike nafasi ile. Anakataa. Joey, ambaye sasa ana mwili wa kibinadamu, anaingia mahali pake na mji unaachiwa mashine yenye roho nzuri. Mwaka 1994 huo ulikuwa mwisho mwema.

Mchezo ulitoka mwezi Machi kwa Amiga na kompyuta za MS-DOS, na toleo la CD lilikuwa na sauti za waigizaji.

Kudharauliwa, kisha kugawiwa: 1995–2003

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa sababu Union City haikuwemo. Revolution walitoa Broken Sword mwaka 1996, wa pili 1997, wakapata jina kubwa zaidi. Kwenye PlayStation wachapishaji walikuwa wakitafuta kitu kingine: dunia za pande tatu, kukimbia, kupiga. Mchezo wa kubofya ukaanza kuitwa maiti, na neno hilo likitamkwa na mwenye hela linajitimiza lenyewe, kwani asipotoa hela mchezo hautengenezwi. Novemba 2003 Broken Sword wa tatu ulitoka ukiwa wa pande tatu, kipanya kimetupwa. Baada yake Revolution ilipungua ikawa kiini kidogo cha watu, na mchezo wa nne uliotoka 2006 walishirikiana na Sumo Digital kuutengeneza.

Mwaka huohuo wa 2003, miezi michache kabla, walifanya jambo ambalo kwa mtazamo wa kihasibu halikuwa na maana. Tangu 2001 kikundi cha wajuzi wa programu waliojitolea kilikuwa kinaunda ScummVM, chombo cha kuendeshea michezo ya zamani kwenye mashine mpya. Mchezo wa Union City ulikuwa umeandikwa kwa lugha iliyofungamana mno na vichakato vya enzi zake, na Windows mpya zilikuwa zinaukataa. Revolution waliwapa ScummVM msimbo chanzo, na Agosti 2003 wakautangaza mchezo kuwa wa bure kwa kila mtu.

Mchapishaji asingeukubali mpango huo mwaka 1994. Mwaka 2003 mchezo ulikuwa hauna rafu dukani, haumpi mtu senti, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuuzuia. Ukaingia Debian, baadaye Ubuntu, ukiwa kifurushi miongoni mwa vifurushi: amri moja na uko nacho, hata kwenye kompyuta kuukuu ambayo haikuwa na ndoto ya kuendesha michezo ya kisasa. Watu ambao mwaka 1994 walikuwa hawajazaliwa waliujua kwa njia hiyo. Kwangu hili ndilo geuko kubwa kuliko yote katika historia hii. Kazi nyingine za zama zile zilifungiwa kabatini na wenye hakimiliki, zikaoza na diski zake.

Duka bila rafu: 2009–2013

Oktoba 2009 mchezo ulitolewa upya kwa iPhone, na utangulizi mpya wa katuni kutoka kwa Gibbons na mfumo wa vidokezo kwa aliyekwama. Kioo cha kugusa kilikuwa kama kimetengenezwa kwa mtindo huu. Kidole kilichukua kazi ya kipanya bila hata kubadili tabia. Ajabu yake ni kwamba mchezo uleule uliokuwa bure kwenye kompyuta sasa ulilipiwa, na wanunuzi walikuwepo. Apple ilichukua asilimia 30, asilimia 70 zikaenda kwa mtunzi. Kwa watu waliozoea kungoja makombo baada ya mchapishaji kushiba, hesabu hiyo ilikuwa mapinduzi.

Geuko lililofuata lilikuja 2012. Mwanzoni mwa mwaka Tim Schafer na kampuni yake ya Double Fine waliomba umma pesa za kutengeneza mchezo wa kubofya, wakakusanya zaidi ya dola milioni 3.3 kupitia Kickstarter. Maiti ilikuwa na pochi nene. Agosti mwaka huo Revolution nao walitandika mkeka: walitaka dola 400,000 za Broken Sword wa tano, na wakaahidi kwamba michango ikifika milioni 1, wataanza pia kazi ya kuirudisha Union City. Zilipatikana zaidi ya dola 770,000. Broken Sword ikatengenezwa, ikatoka kwa sehemu mbili kuanzia Desemba 2013. Union City ikangoja.

Mashabiki, basi, walikuwepo na walitoa. Hawakutosha. Hapa ndipo ile nusu ya ukweli niliyoitaja inapoishia.

Mashine yenye huruma: 2019–2021

Nusu iliyobaki ililetwa na kampuni ambayo haikuwa inauza mchezo mmoja mmoja. Tarehe 25 Machi 2019 Apple ilitangaza Arcade, huduma ya kulipia kwa mwezi na kucheza chochote kilichomo, na miongoni mwa michezo iliyoonyeshwa ulikuwemo Beyond a Steel Sky. Huduma ya namna hii haiulizi kama mtindo fulani unauzika madukani. Inahitaji aina nyingi ili mteja asijitoe. Mchezo wa mafumbo wenye jina la heshima unafaa kabisa katika hesabu hiyo. Mlango ulifunguka, ingawa mwenye funguo sasa alikuwa mmoja, na mkubwa kuliko Virgin ilivyopata kuwa.

Mchezo ulitoka tarehe 26 Juni 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa korona, na Julai ukafika Steam. Hadithi inaanza miaka 10 baada ya ile ya kwanza. Foster amerudi nyikani. Yeye na wenzake wakiwa kwenye uvuvi, mashine isiyojulikana inawashambulia na kumnyakua mtoto, Milo, na nyayo za mashine hiyo zinaelekea Union City. Ili aingie, Foster anachukua utambulisho wa marehemu mmoja, Graham Grundy. Ndani anakuta mji umependeza. Hakuna moshi, hakuna njaa, na Joey, aliyeachiwa kazi ya kuwafanya watu wawe na furaha, haonekani. Raia wanapewa alama ziitwazo Qdos kwa mwenendo wao, na kila mtu anaziona za mwenzake.

Tofauti na LINC ni kubwa. Mashine ya 1994 ilitawala kwa hofu. Hii inatawala kwa wema wenye vipimo. Kati ya miaka hiyo wachezaji walikuwa wamezoea kuhesabiwa kupendwa kwao kwenye simu kila siku, na mtunzi hakuhitaji kuwaeleza sana.

Mafumbo nayo yalikua. Foster ana kifaa cha kudukua, na akikielekeza kwenye mashine zilizo karibu anaona mantiki yake imechorwa kama mti: sharti, tawi la ndiyo, tawi la hapana. Mashine ya kuuzia vinywaji ina tawi la mteja anayeruhusiwa na la asiyeruhusiwa. Ukiyabadilisha, asiye na haki anakunywa na raia mwema anakemewa. Unaweza pia kuhamisha kipande cha mantiki kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, halafu unajitenga pembeni na kutazama mji ukijivuruga. Ni Virtual Theatre ileile ya Hull, miaka 28 baada ya Lure: huwaamrishi watu, unagusa kitu kimoja katika mazingira yao kisha unangoja waje, kama Spunky na biskuti zake.

Haukuwa mchezo usio na dosari. Wakosoaji waliusifia ucheshi na mwonekano wa katuni ya Gibbons uliosimamishwa katika pande tatu kwa injini ya Unreal, lakini walilalamikia hitilafu: wahusika wanakwama, matukio hayaanzi. Mji ambao kila mkazi ana shughuli zake ni mgumu kuujaribu wote, na kampuni ndogo haina jeshi la wajaribu. Masahihisho yalifuata, na mwishoni mwa 2021 mchapishaji wa Kifaransa Microids aliupeleka PlayStation, Xbox na Switch. Wakati huo uliuzwa pia ndani ya boksi.

Revolution, ambao siku hizi wako York, walirudi kwenye Broken Sword. Septemba 2024 walitoa upya ule wa 1996, na kwa kuwa picha za wahusika zilikuwa maelfu na wachoraji ni wachache, walitumia akili mnemba kuzikuza kufikia vipimo vya skrini za leo. Kisha wachoraji walizipitia kwa mkono, hasa nyuso na vidole, ambako mashine ilikuwa inakosea.